Vabena ndefu, ua linalojipanda lenyewe na vipepeo hawabanduki

Nikiulizwa mtu apande ua gani ili vipepeo waanze kumtembelea, jibu langu ni vabena ndefu na sioni dalili ya kulibadilisha. Sio zile vabena fupi za kutambaa zinazopandwa kwenye vikapu vya kuning'iniza, hapana, naongelea ile inayosimama wima mpaka inaweza kukupita kimo. Kitaalamu inaitwa Verbena bonariensis, na hilo jina lishike vizuri ukienda kutafuta mbegu maana vabena ni ukoo mkubwa, ukisema vabena tu unaweza ukapewa kitu kingine kabisa.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, Brazil, Argentina, Paraguay, Uruguay huko, inaota kwenye nyasi za wazi na kwenye ardhi iliyovurugwavurugwa. Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiandika kwa jina hilo mwaka 1753 kwa hiyo sio ua la juzi. Ni ndugu wa lantana, wako familia moja, na ukiweka vichwa vya maua yao pamoja huo undugu unauona, vijiua vidogovidogo vimebanana vinafanya kitu kimoja.

Ngoja niielezee vizuri maana picha haziitendei haki kabisa. Chini kuna kishungi cha majani marefu membamba, kijani kilichokolea, kingo zake zina menomeno. Kutoka hapo yanapanda mashina, mengi tu, na hayana majani mengi, ndo maana mmea mzima unaonekana mwepesi, unaangalia katikati yake unaona mpaka ng'ambo. Shika shina moja ulizungushe kwenye vidole, utasikia pembe nne kabisa, sio duara, na lina vinywele vigumu vinavyokwaruza kama msasa. Alafu ni gumu, upepo ukipiga linayumba linarudi, linakwenda mita moja na nusu mpaka mita mbili na mara nyingi halihitaji hata kijiti cha kuegemea. Juu linagawanyika matawi na kila tawi linaishia na kishada cha vijiua vya zambarau, na kila kijiua ni kamrija kembamba kenye petali tano mdomoni, upana wake milimita chache tu.

Kwa sababu hiyo ya wepesi, ile kanuni ya kusema mimea mirefu ikae nyuma na mifupi mbele, kwa vabena hii achana nayo. Ipande mbele, ipande katikati, ipande popote, haitaziba kitu. Mi naipenda zaidi ikiwa imechomoza katikati ya mimea mingine ya kimo cha kiunoni, hapo zambarau inaonekana imeelea hewani peke yake na mashina huyaoni.

Haya, vipepeo. Kwanini hii na sio maua mengine makubwa ya kuvutia zaidi? Sababu ziko kwenye umbo lake. Kipepeo anakunywa kwa mrija, na ule mrija akiwa hautumii anauviringa chini ya kichwa chake, akitua kwenye ua anaukunjua anauchomeka ndani. Kale kamrija ka ua la vabena kanamfaa sana yeye mwenye mdomo mrefu mwembamba, wadudu wenye midomo mifupi wanapata shida kufika chini kwenye nekta, yale maji matamu ya ua. Pili, kishada kiko kama bapa kwa juu, anapata pa kutua na kusimama, haning'inii. Tatu, kichwa kimoja kina vijiua vingi ambavyo havifunguki siku moja, vinapokezana, kwa hiyo leo kuna chakula na kesho kipo na wiki ijayo kipo, na kadiri mmea unavyoendelea kurefuka unatoa vichwa vipya. Kwenye nchi zenye kiangazi na baridi inaanza kuchanua mwanzo wa kiangazi na haiachi mpaka barafu ya kwanza ipige, na kwenye joto la mwaka mzima inaweza kuchanua muda mrefu zaidi ya hapo.

Chukua muda siku moja usimame karibu yake, jua likiwa limeshapanda. Asubuhi mapema usitegemee kitu, kipepeo hana joto lake mwenyewe kama sisi, mwili wake unatakiwa upate joto la kama nyuzi 30 hivi ndo misuli ya mabawa ifanye kazi sawasawa, kwa hiyo utamkuta kwanza kajitandaza sehemu anaota jua. Akishapata moto anakuja. Anatua, anatembea juu ya kile kishada, na ukiangalia kwa makini utaona anachomeka mrija kwenye kijiua kimoja, anautoa, anachomeka cha pembeni yake, anautoa, anazunguka kichwa kizima hivyohivyo bila kuruka, yaani hapotezi nguvu hata kidogo. Na akiwa amezama kwenye kunywa unaweza kumsogelea sana, ila usimpitishie kivuli chako, kivuli tu kinamshtua anaondoka.

Anayenifurahisha kuliko wote ni yule wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi na ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, Vanessa cardui. Huyu ni mmoja wa vipepeo waliosambaa sana duniani, na wanasayansi wamethibitisha kwamba wanahama kati ya Afrika na Ulaya wakivuka jangwa la Sahara, safari ya kwenda na kurudi ya maelfu ya kilomita ambayo hamalizi mmoja, wanapokezana vizazi kwa vizazi, babu anaanza na vitukuu ndo wanarudi. Sasa fikiria kiumbe wa uzito kama ule anatua kwenye ua lako kujaza mafuta aendelee na safari. Mi hapo sina neno. Kuna na nondo mmoja anaruka mchana kweupe, Macroglossum stellatarum, yeye hatui kabisa, anaelea mbele ya ua mabawa yanazunguka kasi huyaoni alafu anachomoa mrija mrefu. Huyo anapatikana Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika, na maeneo alipo vabena ni moja ya sehemu za kumtafuta.

Tukija kwenye kupanda, kitu cha kwanza ni jua. Jua la kutosha, sio la kubahatisha, ile sehemu inayopigwa jua sehemu kubwa ya siku. Kwenye kivuli itaota ila itajinyonga kutafuta mwanga, itarefuka ovyo na maua yatakuwa ya kuhesabu. Cha pili ni maji yasituame. Udongo ukiwa na mchanga au kokoto ndani yake ndo inafurahi, na rutuba isiwe nyingi. Hapa najua watu wanaopenda samadi hawatanielewa lakini naomba waniamini, ukiilisha sana vabena inakuwa laini, mashina yanakuwa na maji mengi, inaanza kulala, na ubwiri unga unaipenda, ule ukungu mweupe kama vumbi juu ya majani. Ardhi ya kawaida inamtosha, ukimpa mboji kidogo wakati wa kupanda basi imetosha, usirudie rudie.

Mbegu ni ndogo sana, kama milimita mbili hivi, na kila kijiua kikikauka kinaachia nne, fanya hesabu mwenyewe kwa shamba zima la vijiua utaelewa huko mbele naelekea wapi. Unazimwaga juu ya udongo laini wenye unyevu kwenye kopo au trei, hufukii, unakandamiza tu kwa kiganja zishike udongo, labda unanyunyiza vumbi la mchanga juu kidogo sana, maana zinapenda mwanga. Alafu uwe na subira. Zinaota kwa kusuasua, nyingine wiki mbili, nyingine wiki nne, nyingine zinakuja wakati umeshakata tamaa kwa hiyo usimwage ule udongo mapema. Ubaridi kidogo kabla ya kuotesha unasaidia, watu wanazichanganya na mchanga wenye unyevu wanaziweka kwenye friji wiki kadhaa ndo wanazipanda, sio lazima ila kama mbegu zako ni ngumu jaribu hiyo. Ukiwahi kuotesha, mwaka huohuo unaona maua.

Miche ikishapata majani manne sita hivi hamishia sehemu yake, acha nafasi ya kama sentimita 40 mpaka 50 kati ya mche na mche, ikiwa midogo mwagilia mpaka ishike, baada ya hapo ikishazamisha mizizi inavumilia ukame vizuri tu. Ukitaka iwe na matawi mengi chini, ikifika kimo cha shibiri kata ncha ya juu, itachipua pembeni. Konokono wanaweza kuitafuna ikiwa bado changa, ikishakomaa na yale majani yake ya kukwaruza hawahangaiki nayo.

Kuhusu kuvumilia baridi, mizizi yake inahimili mpaka nyuzi kama 10 chini ya sifuri, lakini hapa kuna siri ambayo nataka uielewe: kinachoiua mara nyingi sio ubaridi wenyewe, ni ubaridi ukichanganyika na maji. Udongo mzito uliolowa miezi mitatu mfululizo unaozesha shingo ya mmea, ikija joto unasubiri haichipui. Udongo mkavu unaopitisha maji, hiyohiyo baridi inaipita salama. Ndo maana hata yale mashina makavu usiyakate mmea ukishamaliza kuchanua, yaache yasimame msimu wote wa baridi, yanakinga kile kitovu cha chini na ndege nao wanakuja kudonoa mbegu. Ukiona machipukizi mapya yanatoka chini ndo kata mashina ya zamani, kwa mkasi mkali, usawa wa kiganja kutoka ardhini.

Sasa nifike kwenye kitu hasa kilichonifanya niandike. Mmea mmoja mmoja wa vabena hii hauishi sana. Tunauita wa kudumu na kweli ni wa kudumu, lakini miaka mitatu minne unaanza kuchoka, katikati inakuwa miti miti, maua yanapungua, alafu siku moja haurudi. Kinachodumu ni ukoo. Yaani usiuangalie kama mti wa mwembe uliopanda hapa utakaa hapahapa, uangalie kama familia, mama anaondoka na watoto wameshajisambaza bustani nzima. Na wakijipanda wenyewe wanachagua sehemu nzuri kuliko ambavyo ungechagua wewe. Wanaota kwenye kokoto za njia, kwenye ufa wa sakafu, pembeni ya ukuta ambapo joto linakaa, na hao wa kwenye ufa mara nyingi ndo wanakuwa imara kuliko ule uliochimbiwa shimo na kuwekewa mboji, kwa sababu pale hakuna maji ya kutuama na hamna rutuba ya kuilegeza.

Kwa hiyo kazi ya mwenye bustani inabadilika. Huoteshi tena, unachagua nani abaki. Na ili uchague lazima uwatambue wakiwa bado wadogo, la sivyo utapalilia watoto wako wote ukidhani ni magugu. Mche wa vabena unautambua hivi: majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata inakaa kinyume chake, inakatiza ile ya chini kama msalaba ukiangalia kutoka juu. Jani ni jembamba, lina meno pembeni, mishipa imezama inaonekana kama mikunjo, na ukilisugua kwa kidole linakwaruza tangu likiwa dogo. Shina nalo likianza kurefuka tu, pembe nne zipo. Ukishakariri hivyo vitu hautakosea tena, utakuwa unapita na kuziona hata katikati ya nyasi.

Ukiona yamebanana, punguza mapema wakati yanang'oka kwa vidole viwili bila kuvuruga jirani. Unaotaka kuhamisha, hamisha ukiwa mdogo na uchukue na donge la udongo wake, siku ya mawingu au jioni. Na kama unataka izaliane, usitandaze matandazo mazito pale, majani makavu au maganda ya mti kwa unene wa vidole vinne yanazima mbegu zote, udongo unatakiwa uwe wazi uone mwanga. Kama hutaki, fanya kinyume chake, tandaza, au kata vichwa vikianza kugeuka kahawia kabla mbegu hazijadondoka. Hiyo ni swichi mkononi mwako, tumia.

Kuna na njia ya vipandikizi ambayo watu hawaitumii sana na ni rahisi mno. Chukua shina lenye afya ambalo halina ua, kata kipande chenye vifundo viwili, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, weka kivulini penye unyevu. Wiki chache mizizi imetoka. Hii ni nzuri kama sehemu yako mbegu zinasumbua au baridi ni kali na unataka akiba ya ndani.

Na sasa naomba tuongee kwa uzito kidogo, maana napenda hili ua na ndo maana siwezi kunyamaza. Ua linalojipanda lenyewe kirahisi hivi halijui mpaka wa bustani yako unaishia wapi. Nje ya kwao limeshatoroka sehemu nyingi, Australia linahesabiwa kama gugu, kusini mwa Marekani limesambaa kandokando ya barabara, Afrika Kusini liko kwenye orodha ya mimea vamizi inayotakiwa kudhibitiwa kisheria, na Afrika Mashariki pia limeshaonekana linaota lenyewe porini. Ndugu yake lantana ameshatuonyesha ua zuri linavyoweza kumeza malisho na vichaka vya asili. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, ulizia kwa watu wa kilimo au wa mazingira wa sehemu yako kama inaruhusiwa. Kama imekatazwa, usipande, hamna mjadala. Kama imeruhusiwa lakini unaishi karibu na mto, mfereji au pori la asili, kata vichwa vyote kabla ya mbegu kukomaa maana maji yanazibeba mbali, na zalisha kwa vipandikizi badala ya mbegu. Na ile mabaki yenye mbegu usiitupe nje ya uzio, wala kwenye lundo la mboji ambalo halipati moto wa kutosha.

Kama kwako haifai, usivunjike moyo, umbo ndo la kufuata: tafuta mmea wa asili ya sehemu yako wenye vijiua vidogo vya mrija vilivyobanana juu kama bapa, wa kwenye jua, unaochanua muda mrefu. Vipepeo wataujua tu, pengine kuliko mgeni.

Kitu kingine ambacho wengi wanakisahau. Nekta ni chakula cha kipepeo aliyekomaa tu. Kiwavi halambi nekta, anakula majani, na hali jani lolote, kila aina ina mimea yake. Jike akitua kwenye jani anapigapiga kwa miguu, pale anaonja, maana wana vionjeo miguuni, akikuta sio lenyewe anaondoka hatagi hata yai moja. Kwa hiyo bustani yenye vabena peke yake ni kituo cha kupita, wanakunywa wanaendelea. Ukitaka wazaliane kwako lazima uache na kona ya majani ya viwavi. Huyo Vanessa cardui niliyemsema viwavi wake wanakula yale magugu ya miiba ya porini yanayoitwa kwa Kiingereza thistle na mimea ya jamii ya bamia na hibiskasi, vitu ambavyo wengi tunang'oa bila kufikiria. Wengine wanataka michungwa na milimao, wengine wanataka nyasi ndefu zisizofyekwa. Acha hiyo kona ichakae kidogo, na ukiona majani yametobolewa usikimbilie dawa. Dawa ya kuua wadudu haichagui, inayoua kiwavi wa kabichi inaua na huyu, na ukiipulizia kwenye maua yaliyofunguka unawaua na nyuki waliokuja kwa nia njema. Vidukari wakitokea kwenye ncha za vabena, na huwa wanatokea, wapige na maji ya bomba kwa nguvu kidogo, siku mbili tatu wanapungua, wengine wataliwa na wadudu kobe.

Wenye nafasi ndogo wasijione wametengwa. Kuna aina fupi inaitwa 'Lollipop', inaishia kama sentimita 60, inakaa vizuri kwenye chungu chenye matundu ya maji chini, na vipepeo wanaifuata vilevile. Ila mbegu za hiyo sio lazima zitoe watoto wafupi, ukitaka ileile tumia vipandikizi.

Kukusanya mbegu, subiri kichwa kikauke kiwe kahawia mpaka chini ya kishada, chagua siku kavu, kikate ukiwa umeshika bahasha ya karatasi chini yake, kikisuguliwa kwenye viganja mbegu zinaachia zenyewe. Pepeta makapi, acha zikauke ndani siku kadhaa, usiweke kwenye mfuko wa plastiki zitavunda, alafu andika juu ya bahasha jina kamili la mmea na mwaka. Ukimpa mtu hiyo bahasha mwambie na habari ya kujisambaza, asije akagundua mwenyewe msimu wa tatu.